Lifti haiombwi kwa mkono: mwongozo wa safari ndefu kutoka Dodoma

Vyuo vikikaribia kufungwa, swali hunifuata hadi dukani: "Kaka, ukitaka lifti ya Mwanza unasimama wapi?" Wanaouliza wengi ni wanafunzi, vibarua waliomaliza kazi ya ujenzi, na vijana wanaotaka tu kuijua nchi yao. Baadhi wameshajaribu. Wamesimama kando ya barabara ya Singida tangu asubuhi, wamenyoosha mkono mpaka bega likauma, magari yanawapita na kuwaachia vumbi. Jioni wanarudi nyumbani wakisema watu siku hizi wana roho mbaya.

Hawana roho mbaya. Dereva wa semi lenye mzigo wa tani 30 hasimami ghafla kwa ajili ya mtu asiyemjua, porini, na nyuma yake kuna basi linakuja. Kwetu lifti haiombwi kwa mkono. Inaombwa kwa mdomo, gari likiwa limeshasimama kwa shughuli zake na dereva ameshuka ananyoosha miguu. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Njia hii nimeipita mara nyingi kwa namna hiyo, maana dada yangu ameolewa Nzega. Mfano wangu utakuwa Dodoma hadi Mwanza, karibu kilomita 700. Ukielekea Iringa kupitia Mtera, Babati kupitia Kondoa, au Morogoro kupitia Gairo, hatua ni zile zile.

Lakini kama unawahi msiba, mtihani au usaili, au umeongozana na mtoto mdogo au mgonjwa, kata tiketi ya basi. Ukielekea Dar es Salaam kuna pia treni ya SGR, inayofanya safari kati ya Dodoma na Dar tangu mwaka 2024. Lifti ni ya mtu anayeweza kulala njiani bila mambo kuharibika.

Uwe na nini kabla ya kutoka

- Kitambulisho. Cha NIDA ni bora, cha kura au cha chuo kinafaa.
- Nauli kamili ya basi ya safari yote, umeificha mbali na pochi. Hili halina mjadala. Anayetoka nyumbani na lifti kama tegemeo lake pekee hulazimika kupanda gari lolote, hata lile ambalo moyo wake umelikataa.
- Hela ndogondogo mfukoni, za chai na za kumpa dereva. Usitoe noti ya elfu kumi mbele ya watu kwenye kituo cha malori.
- Simu yenye chaji, na namba tatu za ndugu zimeandikwa kwenye karatasi. Simu ikizima, karatasi haizimi.
- Maji lita mbili.
- Begi moja, tena dogo, unaloweza kulipakata mapajani. Nitaeleza kwa nini.
- Sweta au shuka. Upepo wa Singida mwezi Juni na Julai, saa kumi na moja alfajiri, usiuchukulie kwa mazoea ya Dar.
- Kitu cha kutafuna cha kugawana: karanga, au zabibu kama ni msimu wake.

Hatua ya 1: Ijue njia inapogawanyika

Lori halina kibao cha njia kama daladala. Usipozijua njia panda, utafurahia lifti ya kilomita mia moja kisha ujikute unapelekwa pengine.

Ukitoka Dodoma kuelekea magharibi unapita Nala, Bahi na Kintinku, halafu Manyoni. Hapo Manyoni ndipo njia ya Itigi na Tabora inapochepuka. Kwa hiyo usiulize tu "unaelekea Singida?" Uliza: "Unanyoosha Singida, au unakata Manyoni?" Singida mjini inaungana na barabara itokayo Babati na Katesh. Mbele kuna Misigiri, mteremko wa Sekenke, Shelui, Igunga, Nzega, kisha Tinde. Tinde ndipo wageni wengi hukosea. Kulia unakwenda Shinyanga na Mwanza. Kushoto unakwenda Kahama na mpaka wa Rusumo. Lori lenye namba za Rwanda au Burundi likikuchukua Dodoma, jua mapema kwamba utashuka Tinde na kutafuta jingine. Si vibaya. Huo ndio msemo wa "kuunga", na safari ndefu za lifti karibu zote ni za kuunga.

Hatua ya 2: Nenda yanakosimama, na nenda mapema

Toka katikati ya mji. Panda daladala au bodaboda mpaka nje, kwenye njia yako. Kwa Singida, nenda Nala kwenye mizani. Gari la mizigo lenye uzito unaozidi tani 3.5 haliruhusiwi kupita mizani bila kupimwa, kwa hiyo hapo hata dereva mwenye haraka kuliko wote lazima apunguze. Usiingie eneo la kupimia. Subiri mbele yake, kwenye vibanda vya chai, ambako matingo hushuka kukaza kamba na madereva hununua maji.

Uliza pia wenyeji malori yanapita wapi kwa sasa. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, yenye kilomita 112.3, imejengwa ili malori yasikatize mjini, na mahali palipokuwa na kijiwe cha madereva mwaka juzi huenda leo pamebaki kimya.

Sehemu nyingine nzuri ni sheli kubwa za mafuta, na migahawa yenye uwanja mpana wa kuegesha. Upande wa Morogoro, Kibaigwa ina soko kubwa la mahindi, na mafuso hayakosekani. Muda bora ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Madereva waliolala Dodoma ndipo wanapoondoka, na wewe unapata siku nzima ya mwanga mbele yako. Baada ya saa tisa mchana, ahirisha. Kesho si mbali.

Hatua ya 3: Chagua gari kabla gari halijakuchagua

Kaa na kikombe chako cha chai, utazame kwa dakika ishirini. Mtazame utingo kuliko unavyomtazama dereva. Niliwahi kumwona mmoja pale Nala, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, amezunguka semi lote akiwa na kipande cha mti, anagonga tairi moja baada ya jingine na kutega sikio. Tairi lenye upepo linajibu kwa mlio mkavu, mti unaruka mkononi. Alipofika tairi la ndani la ekseli ya nyuma, akagonga mara ya pili, akainama, akapitisha kiganja, akaenda kumwita dereva. Walikaa dakika arobaini wakibadilisha tairi lile. Hilo ndilo gari nililopanda. Watu wanaoheshimu tairi watakuheshimu na wewe.

Yasiyofaa:

*Malori ya mafuta.* Usipande, hata ukibembelezwa. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mkoani Morogoro, lori la mafuta lilipinduka kisha likalipuka, na watu zaidi ya 100 waliokuwa karibu walipoteza maisha.

*Juu ya mzigo.* Ni kosa kisheria, na lori likiyumba kidogo tu mtu wa juu ndiye wa kwanza kuanguka. Kama kwenye kabini hakuna nafasi, basi hakuna nafasi.

*Magari ya IT.* Haya ni magari madogo yanayotoka bandarini kwenda nchi jirani. Madereva wake wanakimbizana na muda, mara nyingi wanaendesha usiku na mchana bila kulala. Watakuita wenyewe, kiti ni kizuri, na utafika haraka. Mimi siyapandi, na mdogo wangu simruhusu.

*Gari lenye dereva anayenuka pombe, hata kidogo.* Hapa sina maelezo zaidi.

Magari madogo ya binafsi na yale ya ofisi yanayorudi na viti vitupu yanafaa sana, hasa Dodoma ambako safari za kikazi haziishi. Ila dereva wa gari la ofisi ana bosi wake. Akikukatalia, mshukuru na umwache.

Hatua ya 4: Omba

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usianze na shida yako. Anza na salamu, tena kamili. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Wa rika lako, "habari za safari, kaka" inatosha. "Suka", jina la mtaani la dereva, liachie matingo na watu waliozoeana. Kutoka kwa mgeni linasikika kama dharau. Baada ya salamu, mpe pole. Dereva aliyetoka Dar usiku amestahili pole hiyo, na ni wachache wanaompa. Kisha nyamaza kidogo. Atakuuliza mwenyewe.

Mazungumzo yangu mengi yamekwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Unaelekea wapi, kijana?"

"Nzega, mzee, kwa dada yangu. Kama mna nafasi, naomba mnisogeze hata Manyoni."

Angalia mambo mawili. Kwanza, nimesema "mnisogeze", si "mnipeleke". Kumsogeza mtu ni jambo dogo, na mwanadamu hukubali jambo dogo kwa urahisi. Pili, nimetaja mwisho wa safari yangu kwa ukweli, lakini nimeomba kipande cha karibu. Ukifika Manyoni mmeshazoeana, yeye mwenyewe atasema, "Sasa unashuka uende wapi? Kaa." Na asiposema, hujapoteza kitu, umekwenda zaidi ya kilomita 100 na umeshuka kwenye njia panda nzuri.

Usitunge uongo wa msiba. Najua wanaofanya hivyo. Dereva anakuonea huruma, anakusindikiza kwa maneno ya faraja njia nzima, na wewe unalazimika kumzika mtu aliye hai. Akikugundua, atamnyima yule mwenye msiba wa kweli atakayekuja kesho.

Utingo naye msalimie, kwa mkono. Mara nyingi dereva humtazama yeye kabla ya kujibu.

Kwa upande wa Bahi na Kintinku, ukiwakuta wazee wa Kigogo kwenye vibanda, waamkie "Mbukwenyi". Hata kama wewe ni wa Rombo. Mama muuza chai akishakupokea vizuri, atakutafutia gari yeye mwenyewe. Madereva wote wanakula kwake na anamjua mwenye tabia njema na asiye nayo. Ushauri wa mama ntilie wa kijiwe cha malori nauamini kuliko macho yangu.

Hatua ya 5: Malizaneni habari ya hela mkiwa chini

Lifti si lazima iwe ya bure. Wengine wanachukua, wengine wanakataa. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuona aibu kuuliza, wakipanda kwa matumaini. Sema wazi: "Mzee, nichangie kiasi gani ya maji?" Kipimo changu ni nusu ya nauli ya basi kwa kipande hicho, isizidi. Mkikubaliana, itaje tena ile namba ili utingo asikie. Lipa ukifika, au nusu kwa nusu.

Hatua ya 6: Tuma namba ya gari nyumbani, mbele yao

Piga picha namba ya gari kabla ya kupanda. Kisha, ukiwa umeshakaa, piga simu kwa sauti ya kawaida: "Dada, nimepata lori la mbolea, namba nimekutumia, dereva ni mzee mmoja mstaarabu sana, tutakula Singida." Dereva mwema atafurahi. Mwenye nia nyingine amesikia. Rudia simu kila mnapofika mji: Manyoni, Singida, Igunga.

Hatua ya 7: Ndani ya kabini

Funga mkanda. Vua viatu kama wenzako wamevua. Kabini ni chumba chao cha kulala. Begi lipakate.

Hili la begi nililipia. Mwaka mmoja utingo alinisaidia kuliweka chini ya turubai, kwa wema kabisa. Singida nikashuka kununua maji, trafiki akawaambia waondoe gari pale walipoegesha, na nikabaki na chupa mkononi nikilitazama lori likiondoka na nguo zangu zote. Niliokolewa na namba niliyokuwa nimemtumia dada, na dereva wa lori jingine aliyewafahamu. Begi nililikuta siku mbili baadaye kwa mama muuza chipsi pale Tinde, limefungwa na kamba nyingine juu ya ile yangu, halijaguswa. Tangu siku hiyo, begi langu haliendi nisikokwenda.

Usilale. Nafasi uliyopewa ina kazi: umewekwa hapo ili dereva awe na mtu wa kuongea naye. Muulize njia. Muulize gari linakula mafuta kiasi gani, mpaka gani una foleni, wapi wanapika vizuri. Wengi wana mengi na hakuna anayewauliza. Dereva mmoja aliniambia alikuwa Lubumbashi mwanawe alipozaliwa, akamwona kwanza kwenye simu. Akanitolea simu yenyewe, kioo kimepasuka kona, picha ya mtoto amefungwa kwenye kitenge cha njano. "Sasa ana miaka minne," akasema, "na bado ananiogopa siku mbili za kwanza nikirudi." Tulikwenda kimya mpaka Misigiri.

Siasa na dini, msubiri aanze yeye, na hata akianza, sikiliza zaidi. Mkifika mteremko wa Sekenke, nyamaza. Hapo dereva anashuka na gia ya chini, anasikiliza injini na breki zake.

Mkisimama kula, usingoje kununuliwa. Lipia chai yako, na ukiweza, ya utingo. Zile karanga zitoe sasa.

Hatua ya 8: Kushuka na kuunga

Shuka penye watu: mizani, sheli, stendi. Usikubali kuachwa njia panda tupu ati kwa sababu "magari yatapita". Kabla hujashuka, muulize dereva kama anamfahamu mwenzake anayeendelea na njia yako. Simu moja kutoka kwake ina thamani kuliko saa tatu za kusubiri. Lipa, shukuru, aga wote wawili kwa majina yao.

Kwa dada zangu

Sitasema msisafiri hivi, maana nawajua wanaosafiri. Ila masharti yaongezeke. Nendeni wawili. Mchana tu. Chagueni gari lenye familia au lenye mwanamke ndani. Kwenye lori, usikae wala kulala kwenye kitanda cha nyuma, hata ukiambiwa upumzike kidogo. Dereva akianza maneno ya kukutaka, usibishane wala usicheke kwa kuona haya. Shuka sehemu ya kwanza yenye watu. Na kama jioni imeingia hujafika, hela ile ya basi ndiyo kazi yake.

Mambo yakiharibika

*Umekaa saa tatu hujapata gari.* Hama kijiwe, sogea hata kilomita chache. Au punguza ombi: badala ya Singida, omba Bahi. Mpaka saa nane mchana hujapata, panda basi.

*Dereva anasinzia.* Mwongeleshe, mpe maji anawe uso. Akiendelea, mwambie waziwazi apumzike nusu saa, wewe utasubiri. Wengi hukubali wakiambiwa kwa heshima. Akikataa, shuka.

*Moyo umekataa na hutaki ugomvi.* Mkifika penye watu sema, "Naomba nichimbe dawa." Hakuna dereva anayekataa hilo. Shuka na begi lako, nenda moja kwa moja kwenye duka au kibanda, na usirudi.

*Bei imepanda mkifika.* Mkumbushe kwa upole, mbele ya utingo, kiasi mlichokubaliana. Akishikilia, ongeza kidogo uondoke. Ugomvi kwenye kijiwe cha malori utaupoteza hata ukiwa na haki.

*Trafiki amesimamisha gari na anakuuliza wewe ni nani.* Sema ukweli: umeomba lifti, unaelekea mahali fulani. Toa kitambulisho. Uongo wa "ni kaka yangu" unavunjika kwa swali moja la jina la baba.

*Gari limekufa porini.* Baki nalo. Saidia kukata matawi na kuyapanga barabarani mbele na nyuma, mbali kiasi cha kutosha, ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Kaeni nje ya barabara kabisa, msikae chini ya lori kufuata kivuli. Gari jingine la kwanza lenye nafasi, dereva wako ndiye akuombee.

*Usiku umekukuta mahali usipopajua.* Tafuta gesti karibu na barabara, ukiulizia kwa mama wa mgahawa. Pasipo na gesti, nenda kituo cha polisi, au kwa mwenyekiti wa kijiji, ujitambulishe na useme umekwama. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Niliwahi kulala Kintinku kwenye mkeka, kwa mwenyekiti ambaye sikuwa nimemjua saa moja kabla. Alfajiri mkewe alinipa uji na kumtuma mwanawe anisindikize barabarani. Mtoto hakuondoka mpaka alipoona nimepanda.